Mabati Yetu ya Harusi

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Siku ya 24 ya ndoa.

Nimeoa! Naandika hivyo kila asubuhi ili niamini. Mimi, Mbuthia, mchoraji wa mabango, kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Eldoret (si mimi tu nisemaye hivyo), nimeoa Chelimo. Chelimo! Leo alikunywa chai amesimama, na bado alipendeza. Si kila mtu anaweza.

Habari mbaya kidogo. Jana mvua ya mawe ilipasua nailoni ya kibanda chake. Chelimo hushona nguo kando ya barabara, karibu na stage ya matatu za Moiben, kati ya Mama Wanja wa mboga na Ndungu fundi wa viatu. Gauni la mteja liliingia maji, la harusi ya Jumamosi. Asubuhi yote amelikausha kwa pasi ya makaa bila kulalamika. Malaika!

Halafu kuna mambo ya X. Vibanda vyote vya pale vitabomolewa mara soko jipya litakapokamilika. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuchora X nyekundu kwenye kila kibanda. Kazi ni kazi. Hata cha Chelimo nilikichora. Lakini X yake niliichora kwa upendo, ncha nikazipinda kama petali. Alipoiona alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikosa maneno.

Soko lenyewe liko hapo nyuma. Lina meza za saruji, nguzo, na mbao za paa. Paa halina. Mheshimiwa, mwakilishi wetu wa wadi, amelizindua mara tatu. Bango la uzinduzi wa pili nilichora mimi. Uzinduzi wa tatu walitumia lile lile, wakabandika karatasi juu ya tarehe.

Nimemwahidi Chelimo meza ndani ya soko hilo, chini ya paa, kabla ya Pasaka. Njia bado siijui. Nitaipata!

Jumanne, 8 Aprili. Siku ya 25.

Njia imekuja yenyewe, tena imevaa suti!

Joash, msaidizi wa Mheshimiwa, amenitafuta kibandani kwa Chelimo. Wakaguzi wanakuja Ijumaa kuangalia kama soko limekamilika, maana kwenye karatasi lilikamilika zamani. Anataka nichore nambari kwenye meza na maandishi langoni. Anataka pia wachuuzi wa kukaa pale siku hiyo, wauze kama kawaida. Nikamuuliza kuhusu paa. Akasema kwa masikitiko kwamba pesa za paa zilikwisha kabla ya kufika kwenye paa.

Hapo ndipo kichwa changu kilipowaka.

Sisi tuna mabati! Ishirini na manne! Tulipewa siku ya harusi, pande zote mbili. Baba mkwe, Mzee Wilson wa Moiben, aliuza mtamba ili atupe manane. Mjomba Zachariah wa Burnt Forest alitoa sita. Mengine ni ya akina mama wa kanisa, wale wa kundi la Jumatano, na marafiki. Ni ya nyumba tutakayojenga kwenye kiploti chetu kule Turbo. Kwa sasa yamesimama chumbani, nyuma ya kitanda. Chini ya kila bati niliandika kwa mkono wangu jina la aliyelitoa, na neno lake la baraka. Nyumba yetu haitakuwa na dari. Tutalala chali tukisoma majina ya waliotupenda. Wazo langu! Chelimo alilia nilipomweleza, na siku hiyo nikajua nimepata mke.

Nikamwambia Joash: mabati ninayo, ya siku moja tu, lakini meza nambari moja iwe ya Chelimo milele. Joash alikubali kabla sijamaliza sentensi. Akaongeza kwamba yeyote atakayekaa mezani siku ya ukaguzi ataandikwa kwenye orodha kama mwenye meza. Nina kipaji cha kushawishi watu. Sikukijua.

Ndungu alisikia, akapiga nyundo kwenye kisigino cha kiatu cha mtu na kuuliza kama nimeoa au nimeolewa na serikali. Wivu. Ndungu hajaoa.

Chelimo aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, yatarudi lini. Nikasema jioni hiyo hiyo. La pili, nani amesema. Nikasema Joash. Akakata uzi kwa meno.

Alhamisi, 10 Aprili. Siku ya 27.

Siku ya kazi! Tumepiga mabati juu ya safu ya mbele, majina yakitazama chini, mgongo nikaupaka rangi ya buluu ili yafanane na yaliyoandikwa kwenye karatasi za mradi. Matundu ya misumari ni madogo sana. Hayaonekani ukifumba jicho moja.

Nikachora nambari 1 hadi 8. Langoni: SOKO LA KISASA. Joash akaomba pia choo. Choo hakuna, ila kuna ukuta mzuri. Tukaegemeza mlango ukutani, tukaukaza kwa misumari, nikaandika WANAWAKE. Baada ya dakika tano Mama Wanja alikuja akijaribu kuufungua. Sifa gani kubwa kuliko hiyo?

Kuwashawishi wachuuzi haikuwa kazi. Mama Wanja ana goti bovu na amenyeshewa miaka kumi na moja. Nilipomwambia kwamba atakayekaa atapewa meza, alishika mikono yangu miwili akaniita mwanangu. Ndungu alikataa mpaka saa nane, kisha akauliza kama nambari mbili ina mtu.

Chelimo alimwomba Joash orodha ya majina iliyopigwa muhuri. Joash akacheka vizuri sana, akasema, “Shemeji, si tuaminiane?” Chelimo hakucheka. Amechoka, maskini, na gauni lile.

Mzee Wilson amepiga simu kuuliza habari za mabati. Huuliza habari za mabati kabla ya habari zetu. Nimemwambia ni mazima, yametoka kidogo kupunga hewa. Akauliza kama mimi huwa nalala vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili. Siku ya 28.

USHINDI!

Magari matatu. Wakaguzi watano. Dakika ishirini na tano. Mama Wanja alipanga sukuma wiki kama maua ya kanisani. Ndungu alivaa aproni safi. Chelimo wangu alikaa nyuma ya cherehani chini ya jina la baba yake, miale ya jua ikimpiga shavuni, nami nikasahau kabisa kwamba kuna ukaguzi.

Mkaguzi mmoja, mama mwenye mwavuli, aliomba kutumia choo. Akasukuma mlango. Akausukuma tena. Joash akaeleza kwamba msafishaji ameondoka na ufunguo. Yule mama akaligusa neno WANAWAKE, akatazama kidole chake, kilikuwa cheusi. Aliandika tu.

Mheshimiwa alifika mwishoni, akalisifu paa. Alisema ni paa la kiwango cha kimataifa! Alinishika mkono. Sikutaka kuunawa mpaka Chelimo aliposema sitagusa ugali wake na mkono huo.

Kulikuwa na fomu ya kutia sahihi. Kila mchuuzi moja. Mama Wanja alitia kidole gumba. Ndungu alitia sahihi yenye mikia. Chelimo alisoma. Kurasa zote nne! Foleni ikasimama, Joash akaanza kutoka jasho. Akauliza kwa nini ukurasa wa tatu unasema tumekwisha kuhamishwa kutoka barabarani na tumeridhika, na mbona jina la mwenye meza limeachwa wazi. Joash akasema hiyo ni lugha ya ofisi tu. Watu wote walinitazama mimi.

Nikamwambia, mpenzi, tia sahihi. Kwa ajili yangu.

Akatia. Hiyo ndiyo ndoa!

Jioni Joash alikuwa na haraka. Mabati, akasema, kesho.

Jumamosi, 12 Aprili. Siku ya 29.

Kucheleweshwa kidogo kwa sababu za kiofisi.

Nilifika sokoni saa moja asubuhi nikiwa na ngazi. Langoni kuna mlinzi mpya, amehamishiwa hapa kutoka ofisi ya wadi, anaitwa Kituyi, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole. Alinieleza kwamba mabati yamepigwa picha. Yameandikwa kwenye kitabu. Mabati ishirini na manne, buluu, mali ya umma. Kuyatoa ni wizi wa mali ya umma.

Nikamwambia ni yangu. Akaomba risiti. Risiti! Nani hupewa risiti ya zawadi ya harusi? Nikamwimbia wimbo waliouimba akina mama wa kanisa walipoyaleta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni wimbo mzuri, akaninyang'anya ngazi.

Joash simu yake haipatikani. Labda betri.

Chelimo hajaniuliza. Amehamisha kitanda kidogo kuelekea ukutani, pale mabati yalipokuwa. Chumba kimekuwa kikubwa. Nimemwambia sasa tuna nafasi ya kucheza dansi. Nikacheza kidogo. Peke yangu.

Jumatatu, 14 Aprili. Siku ya 31.

Sijui nianzie wapi. Nianze na mazuri. Mkubwa wa wabomoaji alisifu X zangu. Alisema hajawahi kufanya kazi kwa urahisi hivyo, kila moja inaonekana toka mbali.

Walikuja na tingatinga alfajiri. Mama Wanja alikaa chini mbele ya kibanda chake, na goti lake lile, akawauliza aende wapi. Mkubwa akamwonyesha karatasi. Imeandikwa kwamba wachuuzi wote wamehamishwa na wameridhika. Kidole gumba chake kipo. Akakitazama kile kidole kwenye karatasi, kisha akakitazama mkononi, kana kwamba hakijui.

Chelimo alitoa cherehani. Ndungu akabeba gunia la viatu vya watu, kiatu kimoja kimoja kikidondoka. Katika dakika kumi hivi kibanda cha mke wangu kikawa kuni. X yenye ncha za petali iligawanyika vizuri katikati.

Tukaenda soko jipya. Lango limefungwa. Orodha imebandikwa. Meza nambari moja: mama yake Joash. Ya pili: dada yake Joash. Ya tatu hadi ya saba ni watu wa ukoo wa Joash. Ya nane ni mtoto wake, ambaye namjua, yuko darasa la pili. Nikasema kwa sauti kwamba orodha yenyewe imepangwa vibaya, herufi zimebanana.

Mvua ikaanza. Mama Wanja alifunika sukuma wiki kwa kanga yake, mwenyewe akalowa. Ndungu hakunitania. Hilo ndilo lililoniogopesha. Ndungu hunitania hata kwenye matanga.

Usiku Chelimo alikula akitazama ukuta mtupu. Kisha akasema neno moja tu siku nzima. Alisema, “Nilitia sahihi kwa ajili yako.”

Hayo ni zaidi ya neno moja. Lakini yaliniingia kama moja.

Jumanne, 15 Aprili. Siku ya 32.

Nililala na mpango, nikaamka nao. Nitavaa ovaroli. Nitachukua ndoo ya rangi. Nitamwambia Kituyi nimetumwa kupaka paa mara ya pili. Nikiwa juu nitang'oa bati moja kila siku, na mahali pake nitachora bati. Katika siku ishirini na nne nitakuwa nimemaliza! Kwa mbali hakuna atakayejua.

Kituyi aliniruhusu, hata alinirudishia ngazi. Nilipanda. Nikang'oa msumari wa kwanza. Nikasikia gari.

Lilikuwa pikapu ya maziwa ya Mzee Wilson! Ametoka Moiben na mikebe bado nyuma. Kando yake alikaa mjomba wangu Zachariah wa Burnt Forest. Nyuma, kati ya mikebe, akina mama wa kanisa kumi na wawili na mikoba yao. Ndungu na Mama Wanja walikuja kwa miguu. Mbele yao wote, Chelimo. Kumbe ndiye aliyewapigia simu. Nikajilaza juu ya paa.

Chelimo alimwamkia Kituyi vizuri. Akamwomba aingie chini ya paa, ainue uso, asome.

Kituyi akasoma. Anasoma polepole, na sauti yake ile ya upole. “Mzee Wilson na Mama, Moiben. Mkae kwa amani.” Mzee Wilson akainua mkono kama mwanafunzi. “Mjomba Zachariah, Burnt Forest. Mzae, mjaze nyumba.” Mjomba akainua mkono. “Akina mama wa Jumatano.” Mikono kumi na miwili. Akasoma yote ishirini na manne, hata la Ndungu, ambalo lilisema: “Ndungu. Bati moja. Pole kwa bibi harusi.” Nilikuwa nimelisahau hilo.

Alipomaliza, Kituyi alivua kofia. Akasema yeye ana miezi minne hajalipwa, na hakuna aliyewahi kumwandikia hata jina. Akafungua lango lote, akaenda kutafuta chai.

Nilidhani watayang'oa. Nikajitayarisha kuruka. Lakini Chelimo alisema hapana, hapana haja, paa ni letu, tutakaa chini yake. Akaweka cherehani kwenye meza nambari moja. Mama Wanja akachukua iliyo karibu na mlango wa choo, akasema labda siku moja utafunguka.

Mzee Wilson na Mjomba Zachariah walishika ngazi yangu pamoja, mmoja huku na mwingine huku, wakaipeleka kupigilia msumari nilioung'oa. Moiben na Burnt Forest, ngazi moja. Akina mama wazee, waliokumbuka ghasia za uchaguzi kati ya pande hizo mbili, waliwatazama, na mmoja akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Mzee Wilson alipofika juu alinikuta nimelala kifudifudi, nimegandamana na rangi ya buluu iliyomwagika ndooni. Tukatazamana. Akaniuliza tena kama huwa nalala vizuri. Kisha akashuka, na ngazi ikaenda naye.

Saa nne Joash alifika mbio na orodha yake, amevaa viatu vya kung'aa ambavyo Ndungu alivitengeneza na hajalipwa. Akasema meza zina wenyewe. Mzee Wilson hakupandisha sauti. Alimwambia, “Kijana, hili paa limeandikwa. Tuonyeshe jina lako.”

Joash akainua uso. Akatafuta. Bati kwa bati, kutoka huku hadi huku, kwa kweli akitafuta, na watu wote wakimngoja kwa adabu. Akakunja orodha, akasema atarudi. Ndungu akamwomba akirudi aje na pesa za viatu.

Yule mkaguzi mwenye mwavuli naye amejibu barua aliyopelekewa na Chelimo Jumamosi bila mimi kujua. Kumbe siku ile ya foleni Chelimo alinakili ukurasa wa tatu wa fomu, neno kwa neno! Nani hufanya hivyo? Anakuja wiki baada ya Pasaka, na safari hii amesema atakuja na ufunguo wake.

Walinishusha saa nane.

Alhamisi, 17 Aprili. Siku ya 34.

Nimekuwa nikifikiria yote yaliyotokea, na ukweli lazima uandikwe mahali fulani. Niliahidi meza nambari moja, chini ya paa, kabla ya Pasaka. Meza nambari moja. Paa. Kesho ni Ijumaa Kuu. Nani alifanya? Nani aliandika majina chini ya mabati? Mpango wangu ulifaulu kwa asilimia mia, ulipitia tu njia ndefu.

Chelimo amenisamehe. Hakusema, lakini jana alinitia kitunguu zaidi kwenye mboga. Nimemchorea bango: CHELIMO, MSHONAJI BORA. Amelitundika. Ndungu amelisoma akasema herufi ni nzuri, zimezidi mchoraji. Amerudi kunitania! Moyo wangu umetulia.

Na leo asubuhi, habari tamu. Joash alinijia nyumbani peke yake, mpole kabisa. Amesema hana kinyongo. Amesema Mheshimiwa bado anaukumbuka mkono wangu. Kuna zahanati inakaguliwa Jumanne ijayo. Kuta zipo, na wodi ya akina mama wajawazito ipo kwenye karatasi. Wanahitaji maandishi mlangoni, na kitanda. Kimoja tu. Cha siku moja.

Joash alikitazama kitanda chetu. Cha mvule, zawadi ya akina mama wa Jumatano. Nami nikaona kila kitu mbele yangu. Chelimo na mimi, Mungu akipenda, tutaihitaji wodi hiyo kabla ya mwaka kwisha. Nikamwambia Joash: kitanda ninacho, lakini kitanda nambari moja kiwe cha Chelimo milele. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Wala mimi si mjinga. Nimejifunza. Safari hii nimeandika majina yetu mapema, chini ya mbao, kwa rangi isiyotoka. Hakuna hatari yoyote.

Kimepita mlangoni bila shida, isipokuwa mguu mmoja. Nimeukata.

Namsikia mpenzi wangu langoni. Amefunga kazi mapema kwa sababu ya sikukuu, na anauliza mkokoteni huu ni wa nani. Jinsi atakavyofurahi!